Nilivyomnyoa Mtu kwa Kompyuta

Niliwahi kumnyoa mtu bila wembe, bila mashine, bila hata kumgusa, naye akiwa zake kazini mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, hana habari. Nilimnyoa kwa kompyuta, pande zote mbili za uso, nikajipongeza, nikatia picha nane ndani ya bahasha na kuandika jina lake kwa ule mwandiko wangu mzuri wa kidato cha nne. Kosa la kijinga kuliko hilo sijalifanya, na mjue mnasoma habari za mtu aliyewahi kupiga nusu ya harusi akiwa hajatoa kifuniko cha lenzi. Kamera zile za zamani ulichungulia kwenye kidirisha cha pembeni, kwa hiyo wewe uliwaona maharusi vizuri tu. Aliyekuwa gizani ni filamu.

Nyinyi vijana mnaopiga picha kwa simu mmeniuliza mara nyingi kazi ilikuwaje, na kila nikianza kujibu mnaangalia simu. Sasa nimeandika. Msitegemee mpangilio. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Nimepiga picha za pasipoti za watu waliokwenda India, Uchina na Ulaya, na mimi mwenyewe, enzi za kivuko, Kigongo nilifika mara mbili, nikayatazama maji, nikarudi zangu Igoma kula.

Ili mnielewe kuhusu ule unyoaji, lazima mjue umeme wa siku zile. Ulikatika bila salamu. Kinyozi amefika katikati ya kichwa, mashine inanyamaza, mteja ana haraka, basi anainuka na kuondoka hivyohivyo. Ungekutana na baba mzima wa familia, kushoto amenyolewa, kulia msitu. Hakuna aliyecheka, maana kesho ni wewe. Na wakija studio siku hiyo kwa picha ya haraka, mimi ndiye niliyemalizia kazi ya kinyozi.

Enzi za filamu nilimalizia kwa penseli. Mnaocheka, jaribuni. Unaichukua negativu, unaiweka juu ya kioo chenye mwanga chini yake, unashika penseli ngumu iliyochongwa mpaka inachoma, na unaparaza kidogokidogo pale ambapo kwenye karatasi patatoka peusi. Ukiparaza vizuri, weusi unapotea. Ukizidisha, mteja anatoka na baka kama ana ugonjwa wa ngozi. Kovu, chunusi, mkunjo, nywele zilizosahauliwa, vyote nilivifuta hivyo. Baadaye kompyuta ikaja na kazi ikawa nyepesi mno. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuharibika.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Kamugisha, mwenye studio. Mhaya wa Kagera, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mwenye shahada moja aliyoitaja kana kwamba ni tatu. Mimi Msukuma wa Kisesa, kwa hiyo tulitaniana toka asubuhi mpaka kufunga. Aliniita mchunga ng'ombe, nami nilimwita mla ndizi, na kazi ikaenda. Nitasema hili mapema ili msije mkamchukia baadaye: kila ninachokijua nilikipata kwake. Aliniambia usimwambie mteja "tulia", maana ukimwambia tulia anakuwa kama amesimama mbele ya hakimu. Mwulize jina la kitindamimba wake. Akifungua mdomo kulitamka, uso unalegea, hapo piga. Mpaka leo sijapata njia bora kuliko hiyo.

Basi siku moja akaja Eliabu.

Alikuwa fundi wa injini za boti, kijana wa miaka thelathini na kitu, mtu wa Uganda upande wa Mbale, mrefu, mpole, mikono imejaa grisi. Alitaka picha za pasipoti kwa ajili ya kibali chake cha kuishi nchini. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa vizuri, nywele fupi, na juu yake kofia ndogo ya kufuma ambayo aliivua kwa picha bila ubishi. Lakini mbele ya kila sikio palining'inia kishungi cha nywele kilichosokotwa, kirefu kama kidole cha kati. Kimoja kulia, kimoja kushoto.

Mngedhani nini? Mimi nilidhani umeme ulikatika. Nikasema moyoni, maskini, kinyozi wake amefika masikioni, moto umezima. Kwamba umeme umekatika kwa usawa kabisa pande zote mbili, hilo halikunishangaza. Nilikuwa na mawazo yangu ya chakula cha mchana. Nikampiga picha, akaondoka, nikakaa kwenye kompyuta, nikashika kipanya na kumtendea wema.

Jioni alipita mbio, akachukua bahasha, na kesho yake akaipeleka ofisini bila kuifungua. Afisa akatazama picha, akamtazama yeye, akatazama picha tena.

"Huyu ni ndugu yako?"

"Ni mimi."

"Wewe una vitu hivyo usoni. Huyu hana. Kibali chako kinaisha Jumapili. Ijumaa kabla hatujafunga niletee picha inayofanana na wewe, masikio yote mawili yaonekane. La sivyo Jumatatu uwe umevuka mpaka."

Hayo alinisimulia Eliabu mwenyewe, Alhamisi, amesimama mbele ya meza yangu na ile bahasha. Sauti hakuipandisha. Aliweka picha zote nane mezani, moja moja, kama mtu anayepanga karata.

"Fundi, nani alikutuma?"

Nikamweleza habari za umeme na vinyozi. Nilipofika katikati ya maelezo nilijisikia jinsi yalivyokuwa, nikayakatisha.

Mzee Kamugisha akatoka chumba cha ndani. Alisikiliza, akaweka miwani, akaichukua picha moja na kuikagua. Kisha akasema jambo ambalo nimelitafakari miaka yote tangu siku hiyo.

"Picha hii ni safi. Haina kasoro. Tatizo siyo picha, tatizo ni huyu bwana hafanani nayo. Kinyozi yuko hapo ng'ambo ya barabara. Avuke, anyolewe, dakika tano, afanane na picha, apeleke. Nywele zinaota."

Na mimi, vijana wangu, mchunga ng'ombe wa Kisesa, nikaona ni hekima. Nikasema, "Hela ya kinyozi nitatoa mimi."

Eliabu akavuta kigoda akakaa. "Nisikilizeni kidogo," akasema, "halafu nitaondoka."

Akatuambia yeye ni Myahudi. Kamugisha akacheka kwa pua. Wayahudi aliowajua yeye ni wale wa kwenye masomo ya kanisani, siyo mafundi wa injini wenye rangi kama yetu. Eliabu akasema kwao wapo, vijiji vizima, wakulima wa kahawa, walishika Torati tangu enzi za mababu zao na hawajaiachia. Kisha akaweka kidole kwenye panja, kando ya jicho, akakishusha taratibu mpaka pale taya linapojifunga karibu na sikio.

"Hii ndiyo pembe ya kichwa. Sheria ya Musa inakataza mwanamume kunyoa pembe hizi, kuzungusha kichwa chote."

Kamugisha alikuwa anayajua maandiko, akadakia: "Denge. Imekatazwa kunyoa denge."

"Ndiyo hiyo."

Kwa wasiojua, denge ni ule unyoaji wa kuzungusha pembeni kote na kuacha nywele za utosini tu. Vichwa vyenu nyote hapo. Ukipita Makoroboi leo, sheria ya Musa imevunjwa kwenye kila kiti cha kinyozi.

"Sasa mbona si Wayahudi wote wenye hivyo?" nikauliza. Niliwahi kuwaona kwenye habari wakiwa na suti tu na nywele kama za mwalimu mkuu.

"Urefu haukuagizwa. Kilichokatazwa ni kuzikwangua zikaisha. Wengine wanaacha nywele kidogo tu hapa kando ya sikio, huwezi hata kuziona, na wametimiza. Wengine wanafuga mpaka mabegani. Ni desturi ya mahali na mahali. Baba yangu hafugi, na ni Myahudi kunizidi mimi."

"Na sababu yake?" Kamugisha akauliza. Alikuwa ameshakaa naye, kumbe.

"Torati haikutoa sababu. Wenye elimu wanasema makuhani wa miungu mingine walinyoa hivyo, tukakatazwa kufanana nao. Mwalimu wetu kijijini alikuwa na lake. Alisema ukisoma nyuma kidogo, mahali palepale, unakatazwa kuvuna pembe za shamba lako. Zile ni za maskini na za mgeni. Basi akasema pembe za shamba na pembe za kichwa ni jambo moja, usijichukulie kila kitu mpaka ukingoni."

Kwetu Kisesa tulivuna mpaka panya wakahama, lakini hilo nililielewa.

"Basi fanya kama baba yako," Kamugisha akasema. "Acha kidogo kisichoonekana. Umetimiza, na picha imetimia."

Hapo Eliabu akaichukua picha moja pale mezani, akaitazama. Halafu akatuambia habari za babu yake. Ulipita utawala wa kijeshi kwao, dini yao ikapigwa marufuku. Babu alificha vitabu ndani ya magunia ya kahawa, akawa anasali kwa kunong'ona kwenye zizi la mbuzi, na ndevu zake akazinyoa asitambulike. Alikufa kabla utawala haujaanguka. Picha yake imebaki moja tu, ya kitambulisho, na ndani yake ana kidevu kama yai.

"Bibi alikuwa akiiangalia anasema, huyu simjui. Mimi nilipokuwa mkubwa nikasema zangu zitaonekana. Sheria hainidai urefu huu, nimeuchagua mwenyewe." Akanyanyuka. "Mlichonipa kwenye bahasha ni babu. Nikinyoa ili nifanane na hiyo picha, sina nitakachomwambia mtoto wangu. Heri mpaka."

Akasema atarudi kesho kuchukua tu hela yake, akaondoka.

Sikulala vizuri, na mimi ni mtu ninayelala vizuri. Asubuhi nilimweleza jirani yangu Mama Doto, muuza dagaa, tunatenganishwa na ukuta wa tofali moja. Ni Msabato wa kweli. Nilipofika pale Eliabu aliposema hafanyi kazi Jumamosi, akaacha kufagia. Nilipomwambia kwamba samaki asiye na magamba hali, kambare hamgusi, akasema, "Huyo ni Msabato aliyesahau kunyoa. Mrekebishieni mambo yake kabla jua halijazama na Sabato kuingia." Kwake yeye suala lilikuwa limekwisha.

Ijumaa saa nne Eliabu akaja. Nikamwambia kaa kwenye kiti.

Kamugisha alikuwa amekaa na gazeti lake. "Unafanya nini?"

"Nampiga picha, mzee."

"Na vile vitu?"

"Na vile vitu."

Akakunja gazeti. "Studio hii ina jina. Picha moja imerudishwa tayari. Ukimpiga hivyo, na ikirudi ya pili, watasema Kamugisha hajui masikio ni nini. Anyoe, au aende kwingine. Ukimpiga hivyo wewe, kesho usije."

"Sawa, mzee. Kesho sitakuja."

Mimi mwenyewe nilishtuka nilivyosema. Sikuwa na akiba, nilikuwa na watoto watatu, na sijawahi kuwa shujaa wa kitu chochote. Mbwa wa jirani akinibwekea huwa nazunguka njia nyingine. Lakini nilimwona yule mtu amekaa kwenye kiti changu, na nilikuwa nimeshamnyoa mara moja. Mara ya pili wangemnyoa wengine, si mimi.

Kamugisha hakunizuia. Alikuwa mtu wa utaratibu: adhabu ameshaitangaza, sasa anasubiri kosa likamilike. Akafungua tena gazeti.

Sasa sikilizeni, hapa pana kazi. Shida haikuwa vile vishungi, shida ilikuwa kivuli. Nywele nyeusi mbele ya sikio jeusi, taa inatoka upande mmoja, sikio linazama, na afisa anataka masikio mawili. Nikakivuta kiti mbele hatua mbili kutoka kwenye kitambaa cha ukutani, ili kivuli kianguke sakafuni, siyo nyuma ya kichwa. Taa nikazishusha zikawa usawa wa macho. Nikampa mafuta kidogo apake vidoleni, akasokota vishungi mwenyewe vikakaza, vikaning'inia wima, upana wa unyasi mbele ya sikio badala ya kulifunika. Sikumgusa. Halafu nikachukua mfuniko wa sufuria yetu ya chai, ule wa bati, nikauegemeza chini kwenye magoti yake umrudishie mwanga kutoka chini. Masikio yakatokea yote mawili, na hata tundu ungeliona.

"Kitindamimba wako anaitwa nani?" nikamuuliza.

Akasema, na mimi nikapiga.

Nilichapa nane. Sikugusa kitu kwenye kompyuta, hata kovu dogo la juu ya jicho, ambalo siku nyingine lingeniwasha mkono. Nikampa bahasha ikiwa wazi, nikamwambia aangalie. Akaangalia muda mrefu kuliko mteja yeyote niliyepata kumpiga. Kisha akatoka mbio.

Kamugisha aliinuka, akaja kwenye kompyuta, akaikuza picha mpaka sikio likajaa kioo kizima. Akakagua la kulia, akakagua la kushoto.

"Mwanga ni mzuri," akasema. Halafu akanyoosha mkono nimpe funguo.

Nikampa.

Jioni nilikuwa barazani kwangu, namweleza mke wangu mambo kwa awamu, pale Eliabu alipoingia uani akihema. Alikuwa ametembea haraka kuliwahi jua. Mama Doto alikuwepo ukutani, kama kawaida yake.

"Ametazama picha, akanitazama, akatazama picha," Eliabu akasema. "Akasema, masikio yapo, na nywele ni zake. Akagonga muhuri."

Hakukaa. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akamwamkia Mama Doto shikamoo, Mama Doto akaitika marahaba na kumkumbusha kwamba jua linakwenda, naye akaenda.

Baada ya mwezi Kamugisha alituma mtu nirudi. Sikurudi. Mnaweza kuita kiburi, na wengi wameita hivyo, mke wangu akiwa wa kwanza. Nilinunua kamera iliyotumika, nikapaka ukuta wa baraza rangi ya bluu, na nikafanya kazi hapohapo nyumbani kwa miaka iliyobaki. Niliingiza pungufu. Kuna miezi tulikula mboga za majani mpaka tukakaribia kulia kama mbuzi. Lakini kila aliyekaa mbele ya ukuta ule aliondoka na uso aliokuja nao, ila alichoomba mwenyewe kifutwe, na mkiniuliza kama najuta, nitawaambia hapana, na kesho mkiuliza tena nitawaambia hapana.

Nayasema haya kwa sababu nawaona. Jana binti mmoja wa hapa mtaani amenionyesha picha yake kwenye simu: ngozi kama sahani ya udongo, pua imepunguzwa, alama ya kuzaliwa shavuni haipo. Nikamuuliza ilikoenda. Akasema, "Babu, simu inatoa yenyewe." Sasa anatafuta krimu ya kuitoa na shavuni kwenyewe, ili afanane na simu. Nilimsikia Kamugisha kabisa: picha ni safi, tatizo ni huyu hafanani nayo.

Mnasema mimi nimepitwa. Sawa, nimepitwa. Mnasema wateja wanapenda. Na mimi waliopenda niliwafutia makovu, sikatai. Lakini tangu Eliabu, mwenye kovu alilitaja kwanza kwa mdomo wake. Kuna vitu kwenye uso wa mtu ambavyo havikuachwa kwa kusahau. Vimewekwa hapo na sheria ya dini yake, au na bibi yake, au na jambo ambalo hajakusimulia na pengine hatakusimulia. Wewe hulijui, na mashine yako hailijui zaidi. Usivune mpaka ukingoni. Wakikufukuza kazi kwa hilo, rudi nyumbani, paka ukuta rangi. Hayo ndiyo mafundisho yangu, na sitayapunguza hata neno moja.

Haya yote nimeyasoma leo kwa sauti pale barazani, toka mwanzo hadi hapo juu, nikiwa nimesimama, ili nione kama yana nguvu. Mama Doto alisikiliza akichambua dagaa, hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza nikamuuliza anaonaje. Akapeta ungo, akapuliza makapi, akasema:

"Baba Kabula, mdomo ulikuwa nao siku ile ya kwanza. Ungemuuliza."